Vitumbua vya Kikao cha Wazee

Ungetaka kumjua Mzee Mwambire wa Kaloleni, ungemsikiliza akiomba. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa mihogo, na kwa kuwa yeye hajapata kuonja tembo, ile pombe ya mnazi, maishani mwake. Hilo la tembo alilirudia kila Jumapili, pengine aliona Mungu ni msahaulifu.

Basi siku alipopita nyuma ya nyumba ya Kabibi, mjane aliyewapikia wazee wa kanisa chai ya kikao, akaona kikombe cha tembo la mnazi kwenye dirisha la jikoni, alifurahi kuliko inavyomfaa Mkristo. Kabibi akaitwa mbele ya wazee mchana huo huo. Mwambire alimhoji huku akitafuna vitumbua alivyovileta mama huyo mwenyewe, maana kuhukumu nako kunataka nguvu. Alimuuliza kama lile lilikuwa tembo, Kabibi akakiri. Alimuuliza kama ni lake, akakiri. Kisha Kabibi akaitazama sahani ya mzee, akafungua kinywa kama mwenye la kusema, akakifunga. Mchungaji Hesbon, mtu wa bara asiyejua mambo ya mnazi, akakubali shauri la wazee. Kabibi akatengwa na meza ya Bwana, akahamia benchi la nyuma, na Pasaka ikija hangeruhusiwa kusimama na mjukuu wake akibatizwa. Hilo la mjukuu ndilo lililomliza.

Kikao kilichofuata, chai ililetwa na mkate wa dukani. Mwambire akarudi nyumbani akimnung'unikia mkewe, Kadzo, kwamba Kaloleni nzima hakuna mwingine ajuaye kupika vitumbua vyepesi.

Kadzo alicheka mpaka akaketi. "Wengine huumua unga kwa hamira," alisema. "Kabibi huumua kwa tembo, kama alivyofanya mama yako. Ungekuwa unaingia jikoni ungejua."

Mwambire akakimbilia shambani kwenda kujitetea mbele za Mungu. Alisema moto humaliza ukali wote wa tembo. Hapo hapo akaona kuwa moto ukimtakasa yeye, umemtakasa na Kabibi. Akasema basi dhambi ya siri na itubiwe kwa siri. Lakini akakumbuka kwamba Kabibi hakuhukumiwa kwa siri. Aliona aibu, akaona na hofu, kwa kuwa jina lake zuri ndilo lililokuwa mali yake yote.

Jumapili ya Pasaka alisimama kabla ya ubatizo, jasho likimtiririka.

"Tembo la Kabibi nililiona dirishani," alisema. "Langu lilikuwa tumboni, nami nikaomba niongezwe."

Akaeleza yote. Watu wakacheka, na Mchungaji Hesbon akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo mpaka alipopata sauti ya kumwita Kabibi na mjukuu wake waje mbele. Lakini Mwambire alikwisha kufika benchi la nyuma, amepiga magoti.

"Nisamehe, mama. Mbona siku ile hukusema?"

"Ulikuwa unakula kwa raha, mzee," Kabibi akajibu. "Sikuona vyema kukuaibisha na kitumbua kinywani. Nilikusamehe ukiwa bado unatafuna."

Mwambire, aliyekuwa ameandaa toba ndefu, aliisahau yote. Alilia mbele ya kanisa zima, naye Kabibi akamshika mkono na kumwinua, maana mtoto alikuwa anasubiri maji.