Abiria Waliokwama Ndani ya Triga

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelala kifudifudi kwenye mkeka wangu wa klabu ya shabaha, bunduki begani, na triga imegoma.

Kugoma kwenyewe si jambo jipya. Mwaka mzima sasa triga ya bunduki yangu ndogo ya shabaha imekuwa nzito. Nikiilazimisha, mtutu unatikisika na risasi inakwenda kutembea pembeni mwa karatasi. Ndiyo maana wiki iliyopita katibu wetu wa klabu hapa Voi, Mshila, kijana wa miaka hamsini, aliniandikia barua. Niliisoma mwenyewe. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na miwili, jioni, baada ya kazi, na tangu hapo sijasomewa kitu na mtu.

Barua ilisema kwamba kuanzia Jumamosi hii nitapiga nikiwa nimekaa mezani, bunduki imeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga, na alama zangu hazitaingia mashindanoni. Isipokuwa nithibitishe kwamba kasoro iko kwenye silaha. Nilipomwuliza, alinijibu mbele ya watu.

"Mzee Mwanjala, bunduki haina neno. Kidole ndicho kimestaafu."

Nina miaka sabini na mmoja. Nimestaafu mara moja tu, kutoka karakana ya reli, na kidole hakikuwamo katika barua ile.

Basi, katika ndoto nikafuata kanuni kama zilivyo. Kanuni ya kwanza: kabla ya kufyatua, toa nusu ya pumzi. Nikaitoa. Mwanamke aliyeketi nyuma ya dirisha la chuma akaipokea, akaikunja vizuri, akaiweka rafuni.

"Utaichukua ukitoka."

"Na risiti?"

"Mzee, hiyo ni pumzi, si mwavuli."

Sikubishana naye. Nilibaki na nusu tu, na nusu haitoshi kwa mabishano.

Kanuni ya pili: triga haivutwi ghafla, inabanwa polepole. Nikabana. Triga ikafumbua jicho moja.

"Unanionea bure," ikasema. "Mimi ni kipande cha chuma kisichofika nusu ya kidole chako. Nina uzito gani mimi? Wazito wako huku nyuma yangu."

"Akina nani?"

"Ingia uone. Viatu acha nje."

Navua viatu. Naingia.

Ndani ya triga kuna stesheni. Kuna mawe yaliyopakwa chokaa, saa ya ukutani, na benchi refu lililojaa abiria. Treni limesimama, la behewa moja. Langoni amekaa Springi, mtu mwembamba aliyejikunja mpaka magoti yamegusa masikio. Nyuma yangu anaingia Bwana Ratili, mnene, amevaa suti ya shaba iliyochakaa hadi kuwa nyeupe kwenye mishono. Huyu namfahamu. Klabuni, kabla ya mtu kupiga, ratili, jiwe la mizani la nusu kilo, huning'inizwa kwenye triga yake. Triga ikiibeba bila kufyatuka, unaruhusiwa kupiga. Ikiiangusha, triga ni nyepesi mno na unarudi nyumbani.

"Nikate," Springi ananiambia. "Kata mikunjo miwili tu. Kila kitu kitakuwa chepesi."

"Akikukata mimi nitaanguka," anasema Bwana Ratili. "Na nikianguka, mzee huyu hapigi Jumamosi wala Jumamosi nyingine."

"Hakuna anayekatwa," nikasema. "Stesheni masta yuko wapi?"

Alikuwa mbele yangu muda wote, ila kofia yake ilikuwa kubwa na yeye mfupi.

"Kila unapobana triga, treni hili linapaswa kuondoka," akasema. "Haliondoki. Angalia magurudumu."

Nikainama. Magurudumu yalikuwa yamezama katika kitu cheusi, kigumu kama lami ya barabara ya zamani. Sikuhitaji kuinusa. Ilikuwa grisi ya ekseli za mabehewa.

"Nani ametia hii?" akauliza stesheni masta.

Abiria mmoja aliacha hata kutafuna.

Niseme ukweli hapa. Wenzangu klabuni, msimu ukiisha, hutia tone moja la mafuta mepesi kwenye triga na kufuta. Mimi niliwacheka. Nilipostaafu niliondoka karakana na kopo la grisi ya reli, na kila mwaka, kwa miaka kumi na mitatu, nimeishindilia triga yangu kijiko kizima. Hakuna behewa lililowahi kuungua ekseli mikononi mwangu, nikawaza, sembuse kibunduki. Kumbe behewa lina tani arobaini za kuisukuma grisi ile. Triga ina kidole kimoja.

Kabla sijajibu, stesheni ikawa ukumbi wa klabu, bila mtu kusogea. Mshila akaingia amebeba mfuko wa mchanga mgongoni kama mtoto.

"Mzee Mwanjala, njoo ukae," akasema kwa upole ulionikera. Akainamia sikio langu. "Sema kidole kimechoka, basi, yaishe. Uzee si aibu. Habari ya kopo itabaki baina yetu. Fundi mzima wa reli, waje wajue umeiua triga kwa grisi? Watakucheka mpaka Mwatate."

Mfuko wa mchanga ukaitikia, "Mpaka Taveta."

Nakiri nilitazama kiti. Kilikuwa na mto.

Kisha nikakitazama kidole changu. Kilikuwa kimesimama wima peke yake, kikinitazama, kikingoja kusikia nitasema nini juu yake.

"Mshila," nikasema, "kidole changu hakitabeba kosa la kichwa changu." Nikawageukia abiria, nikapaza nusu ya sauti, kwa kuwa pumzi ndiyo ile iliyobaki. "Grisi niliitia mimi! Kijiko kizima, kila mwaka, na nikijisifu! Na mimi ndiye nitakayeitoa. Anayetaka kucheka acheke sasa, nikimaliza hakutakuwa na nafasi."

Walicheka. Walicheka sana, stesheni masta mpaka kofia ikageuka nyuma. Sikufa.

Nikapiga magoti. Nikaomba mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikasugua gurudumu moja moja. Grisi ikatoka kwa vipande, ikitukana. Mshila akasema nitachafua suruali. Nikamwambia suruali ni yangu. Nilipofika kwenye chuma kitupu, chuma kikapiga chafya. Nikakikausha, nikatia tone la mafuta ya cherehani. Tone moja. Mkono ulitaka kuongeza la pili, niliukatalia.

"Bwana Ratili, tafadhali."

Bwana Ratili akajining'iniza kwenye triga kwa mikono miwili. Ukumbi mzima ukatazama. Akabembea. Akabembea tena.

"Imenibeba," akatangaza. "Sijaanguka. Apige!"

Springi, ambaye hakukatwa hata mkunjo mmoja, akajinyoosha kidogo na kusema hajawahi kufanya kazi nyepesi kama hii.

"Mzee hawezi," akasema Mshila. "Ana nusu ya pumzi."

"Kanuni inataka nusu," nikamjibu, nikabana.

Sikusikia treni likiondoka. Hakikutikisika kitu. Nililijua limeondoka kwa kuwa halikuwapo tena. Ndivyo triga njema inavyofanya. Kwenye dirisha la mwisho, treni likiwa tayari mbali, mama mmoja akanyoosha mkono mrefu kama reli akanitia mdomoni yai la kuchemsha lililopakwa chumvi. "La njiani, baba," akasema. Nikalitafuna na ganda lake, nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda. Sikunywa chai wala kula kitu. Niliketi kitandani nikamwandikia katibu. Mke wangu Mkawasi alipoingia, barua ilikuwa imekwisha, akaisoma akiwa amesimama.

"'Kosa ni langu, kidole ni kizima. Jumamosi nitalala mkekani kama kawaida. Leteni ratili.'" Akaishusha karatasi. "Baba Wakesho, utayasema haya mbele ya wote? Hata ya lile kopo?"

"Ya kopo ndiyo nitaanza nayo."

"Watacheka."

"Wamekwisha kucheka."

Hakuniuliza lini. Alikuwa ameinama, ananitazama usoni. Akanyoosha vidole viwili akaokota kitu kwenye masharubu yangu, akakiweka kwenye ukucha wa kidole gumba, akasogea dirishani.

Lilikuwa ganda la yai, nusu kamili, dogo kuliko punje ya mchele, na nyumbani hatukuwa na yai wiki nzima.

Mkawasi akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"Lina chumvi," akasema, akatafuta mahali pa kukaa.