Shauri la Bi Kijicho katika Nchi ya Mzizini

Katika nchi ya Mzizini, iliyoko chini ya ardhi mbali na jua, umri haukuhesabiwa kwa miaka bali kwa urefu wa nchi yenyewe, ambayo kila siku ilishuka kutafuta maji. Raia wake walikuwa wa kabila mbili. Nchani, yaani kwenye ncha ya chini kabisa ya nchi, waliishi Wagawi, watu wafupi wenye ngozi laini, ambao kwa desturi yao mama hakuzaa. Alijigawa katikati, wakawa dada wawili waliolingana kwa umbo na akili. Mmoja alibaki nchani kuendeleza kazi, na wa pili aliachwa nyuma akawa Mkuzi. Mkuzi hakujigawa tena. Alikunywa maji, akavimba na kunyooka hata akawa mrefu mara kumi kuliko alivyokuwa siku ya kugawanyika.

Bi Kijicho, mkuu wa Wagawi, alikuwa na pacha wa mgawo mmoja, jina lake Bi Kimo. Siku walipotengana hapakuwa na wa kuwatofautisha. Sasa Kimo alikuwa kama nguzo, na kila mjumbe aliyeteremka kutoka Majanini, nchi ya juu iliyowalisha sukari, alisimama kwake akastaajabu, akasema kwamba hapo ndipo nchi inaporefuka. Sifa hizo zilimfikia Kijicho kama habari ya jina lake kufutwa. Alijiuliza ni kwa insafu gani anayejaza maji tumboni anaitwa mjenzi, na yeye anayejipasua mwili haulizwi hata hali.

Kiangazi kikaingia. Majanini ikaanza kunyauka, na ujumbe ukaja kwamba maji yako shubiri tatu chini, nayo yafikiwe upesi. Kijicho akaona fursa yake imefika. Aliamuru binti zake wasiende nyuma hata mmoja. Wote wabaki nchani, wajigawe na kujigawa tena, ili ulimwengu ujue kwamba wingi ndio urefu.

Baada ya siku saba Wagawi walikuwa maelfu, wamebanana hata mtu hawezi kuinua mkono, kila binti nusu ya mamaye kwa kuwa hakupata nafasi ya kukua. Huko nyuma Wakuzi walikuwa wamekwisha kufikia ukomo wa kimo chao, kuta za miili yao zimekakamaa, na hakuja mwingine wa kunyooka baada yao. Juu, jani la kwanza likaanguka.

Kadhi Mizani akaitisha baraza. Hakuuliza nani mwenye haki kati ya Kijicho na Kimo; aliagiza kamba inyooshwe toka lango la Shina, mpaka wa juu wa nchi, hadi nchani. Urefu ulikuwa uleule wa siku ya amri.

"Bi Kijicho," alisema kwa upole, "umeigawa nchi, hukuirefusha. Kitambaa kikikatwa vipande mia hakiongezeki. Nawe, Bi Kimo, uliyesifiwa kana kwamba ulijizaa mwenyewe, tangu mabinti wazuiwe umenyoosha nini?"

Kimo alijibu kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. "Sijanyoosha kitu, mheshimiwa. Wala sifa zile hazikunifurahisha. Nilikuwa namwonea wivu dada yangu. Yeye husukumwa mbele, ndiye atakayeyagusa maji. Mimi nitafia hapa niliposimama, na sitakuwa na binti."

Kijicho alimgeukia dada yake. Siku zote alidhani anatembea mwenyewe.

"Ni nani hunisukuma?" aliuliza.

"Mimi, dada. Kila niliponyooka."

Siku hiyo hiyo amri ikabatilishwa. Mabinti walirudi nyuma kwa mamia, wakanywa maji machache yaliyobaki, wakanyooka, na nchi nzima ikateremka kwa kishindo. Siku ya tatu Kijicho alihisi tope baridi usoni. Hakunywa. Aliyapitisha maji kwa aliye nyuma yake, akaagiza funda la kwanza lipelekwe kwa Bi Kimo.

Majanini ikachipua, wajumbe wakarudi, na kama kawaida wakasimama kwa Kimo kumsifu. Kimo aliwaambia waende nchani kwa dada yake, lakini njia ilikuwa nyembamba, wakageuka. Kijicho alisikia yote. Akajigawa tena, safari hii polepole. Na dada mpya alipoelekea nyuma kwenda kuwa mkubwa kuliko yeye, Kijicho alimtazama, wivu ukamchoma palepale pa zamani, na hakumzuia.