Tanuru la Zita

Siku iliyofuata Jumatano ya Majivu, Polikarp alifuta viti vyake vya plastiki, akavipandanisha mpaka karibu na dari, kisha akakaa mlangoni kuota jua. Ukumbi wake uko mjini Sumbawanga na ni wa arusi, na Kwaresima hakuna Mfipa Mkatoliki anayeoa. Kila mwaka mwenye ukumbi naye hufunga, apende asipende.

Mwaka huu alipata wazo. Kulikuwa na mchezo wa nyimbo uliochezwa mara moja tu kijijini Mollo, miaka ya sabini, ukiitwa *Arusi ya Ilungu*. Ilungu ni lile tanuru refu la udongo ambamo Wafipa wa kale waliyeyusha chuma. Walilipamba kama bibi arusi, wakaliimbia, na hawakuruhusu mwanamke yeyote kulisogelea.

"Michezo inayojulikana watu wameshaiona kwenye simu," alimwambia Silvana, mpishi wa ukumbi. "Huu uliosahaulika ndio wenye biashara. Kwani sisi shambani tunafanyaje? Tunafukia nyasi chini ya tuta, zikioza tunapanda. Huu umeoza vizuri. Halafu arusi ya tanuru padri hawezi kuikataza."

"Huo mchezo ni wa bibi yangu," Silvana alisema.

Bibi huyo, Zita, ndiye aliyetunga nyimbo zote, akipalilia ulezi, na ndiye aliyeimba sehemu ya tanuru. Mwalimu Cornelius, mkuu wa kwaya, alimwingiza ndani ya tanuru la matete na udongo kabla watazamaji hawajafika, akamtoa kwa tundu la nyuma walipokwisha kuondoka, wazee wasije wakaudhika kwamba mwanamke ameligusa. Mwili ulitoka, sauti ikabaki. Tangu hapo Zita huongea kwa kunong'ona, na Mwalimu huitwa mtunzi.

"Bado yu hai, mzee wangu. Anataka alisikie jina lake likitajwa mbele za watu kabla hajafa. Liandike tu kwenye bango."

"Hilo ni dogo, mwanangu," alisema Polikarp, na wakati anasema alikuwa anamaanisha.

Lakini tanuru lenyewe lilikuwa stoo kwa Christopha, mtoto wa marehemu Mwalimu, kuku wakitagia ndani. Christopha alilitoa bure, kwa sharti moja.

"Mtunzi ni baba," alisema. "Kila mtu anajua."

Ni kweli kila mtu alijua. Bango likaandikwa hivyo, na Silvana akaambiwa avute subira, mambo mazuri hayataki haraka. Lori lilipokuwa njiani kuelekea mjini, tanuru lilianza kuimba kwa sauti ya chini. Mpakizi akaligonga kwa kiganja. "Tulia, mshikaji, naongea na simu." Likatulia.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili mchana, na mvua ilikuwa inanyesha. Watazamaji wengi walikuwa ndugu wa waimbaji, pamoja na mama mmoja wa Kabwe aliyeingia kujikinga na mvua na tenga lake la migebuka, samaki wakavu wa ziwani. Wanaume walicheza wakilizunguka tanuru. Silvana, aliyepangwa kuimba kutoka ndani yake, alikuwa bado nje anafunga kanga ili apenye tunduni, tanuru lilipoanza lenyewe.

Ilikuwa sauti ya msichana. Ilianzia chini, mahali ambapo mtu huanza kulia, ikapanda bila haraka mpaka ikajaza ukumbi, na mvua ikasimama juu ya bati ili isikie. Udongo ukaanza kuwa mwekundu. Joto likatambaa hadi viti vya nyuma. Wimbo ulipofika kilele, chuma kilitiririka kwenye tundu la chini, kikapoa sakafuni kikiwa jembe. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mtu alijihisi mdogo, wala hakuchukia kuwa mdogo. Mama wa Kabwe alilia waziwazi, kisha akavuta kiti chake karibu na moto.

Hakuna aliyeuliza sauti inatoka wapi. Waliuliza onyesho jingine ni lini.

Habari zikasambaa. Watu wa Kaoze walikuja na mipini ya kutia majembe, wa Mollo na mahindi ya kuchoma. Viti vyote vilishuka. Pasaka ilipopita, wachumba waliofika kuomba ukumbi walijibiwa kwamba kuna bibi arusi mwingine amewatangulia.

Baridi ya Juni ilipoanza, Silvana alimleta bibi yake, amevaa sweta na vitenge viwili.

"Shikamoo, bibi," alisema Polikarp.

"Marahaba," Zita alinong'ona.

"Bibi, tiketi ni kwa wote. Nikisamehe mmoja nitasamehe Ufipa nzima."

Zita alilipa, akakaa mbele kabisa. Tanuru liliimba mpaka katikati ya wimbo wa kuaga, likanyamaza.

"Mimi ni Zita, binti Ndalahwa," tanuru lilisema. "Nyimbo hizi nimetunga mimi."

Kila aliyekuwepo alisikia. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakavua kofia, na Zita akafunika uso kwa kitenge, mabega yakimtetemeka kwa furaha. Mchezo ulipokwisha, Christopha alipanda jukwaani kuinama kwa niaba ya baba yake, kama kawaida. Alipigiwa makofi na watu walewale.

"Umesikia, mzee?" Silvana aliuliza.

"Nimesikia, mwanangu. Nani hajasikia? Kesho naenda kuchapisha bango jipya."

Alikwenda kweli. Bango jipya ni la rangi: *Arusi ya Ilungu. Njoo usikie tanuru linalojitaja jina! Mtunzi: marehemu Mwalimu Cornelius.*

Sasa wengine husimama ukutani kwa kukosa viti. Zita hukata tiketi kila Jumapili na kukaa palepale mbele. Jina likikaribia kutajwa, hunyoosha shingo, na midomo yake huanza kuitika bila sauti. Ndipo aliyekaa nyuma humgusa bega, kwa adabu.

"Samahani, bibi. Hebu inama kidogo, tumwone Zita."

Naye huinama.