Ndoo Niliyoikalia

Tangu tuoane, mume wangu ndiye fundi wa zege na mimi ndiye mshika ndoo ya maji. Akisema "tia," natia. Nikisema "basi," ni basi. Nani angeingia katikati yetu? Akaja dada wa kiwandani na dumu la dawa ya zege.

"Shemeji," alimwambia mume wangu. Shemeji! Tangu lini? "Hii ni polima. Inalainisha zege bila maji mengi, na maji yakipungua zege linakuwa gumu zaidi. Pale ulipokuwa unatia ndoo tatu, tia mbili."

Mume wangu akacheka meno yote nje. Kuanzia hapo ikawa dada kasema hivi, dada kasema vile, hata mezani kwangu, huku anatafuna nilichopika mimi. Roho iliniuma, sifichi. Kama zege halitaki maji, mimi natakiwa wapi?

Siku ya kumwaga ngazi za ghorofa nilimkodolea yule bibie macho, neno lake hata moja lisinipite. "Mwanzoni litaonekana kavu," alisema. "Msiongeze maji, dawa inachelewa kufanya kazi." Mume wangu alikuwa anamchekea tu. Kisha simu ya dada ikalia, akatoka nje kuipokea.

Mashine ikazunguka. Zege likawa mabonge makavu, yanagonga chuma kwa kelele. Mume wangu jasho likamtoka.

"Leta maji! Linaharibika!"

Jamani, shetani ana maneno matamu. Ndoo moja tu! Zege lingekuwa uji, ngazi zingekuwa mbovu, bibie angefukuzwa na dumu lake, nami ningerudishiwa kazi yangu pamoja na mume wangu. Na ndoo ilikuwa mkononi, imejaa.

Lakini ngazi zile watu watazipanda. Nikamwaga maji chini, nikaigeuza ndoo, nikaikalia.

"Umerukwa na akili?"

"Subiri."

Alinifokea mpaka sauti ikamkauka. Nikakaa. Mashine ikazidi kuzunguka, halafu kelele zikapungua. Zege likalegea; tulipolimwaga, likateleza lenyewe mpaka kwenye kona za mbao za ngazi.

"Umeona!" mume wangu akapaza sauti. "Yule dada ni kiboko!"

Nusura nimpige na ndoo.

Zege lilipokomaa, tulikwenda maabara na yule dada kuvunja vipande vya majaribio vya zege lile. Mshale wa mashine ya kupimia nguvu ukapanda, ukapita pale ambapo vipande vyetu vya zamani huvunjika, na bado ukapanda. Mume wangu akamkimbilia dada kumpa mkono. Dada hakuupokea.

"Kila ninakokwenda, mafundi wanaogopa ule ukavu wanaongeza maji," alisema. "Wewe nani alikuzuia?"

Mume wangu akanigeukia, akanitazama kama zamani. "Mke wangu."

Yule dada akanishika mikono yote miwili. "Hongera, dada yangu," akasema, na alikuwa anasema kweli.

Hebu fikiria! Mtu anakuchukulia mume mchana kweupe, halafu anakurudishia mbele za watu, na unatakiwa useme asante.

Nikasema asante. Ilinikwama kooni kama kokoto.