Majemadari wa Mshona Mapazia

"Mimi naweza kuuteka mji huu kabla chai haijapoa," mshona mapazia alimwambia wifi yake. "Ila panya wa jikoni ndiye bado hajanitambua."

Wifi hakucheka. Alikuwa amelikodolea macho kabati la vitabu. Tangu mshona mapazia afiwe na mume, kila alichobakiza kilikwenda kwa muuza vitabu chakavu: mbinu za kuzingira miji, namna ya kutawala watu wasiokupenda, majemadari wakijieleza kwa nini walishindwa. Juzi muuza vitabu alikamatwa kwa kuuza vitabu vilivyopigwa marufuku, na sasa polisi wanawatafuta wateja wake.

"Vichome, wifi."

"Nichome wanaume niliolala nao chumba kimoja miaka yote hii?"

Mlango ukagongwa, na haukuwa ugongaji wa jirani.

Aliingia ofisa kijana, viatu vinang'aa, sauti laini. Ulaini ule ndio uliomtisha zaidi.

"Shikamoo, mama. Vitabu vya nani hivi?"

"Marahaba, baba. Vya marehemu. Mimi hata herufi a siijui. Navitumia kukandamizia vitambaa visijikunje."

"Sahihi yake ni dole gumba," wifi akadakia.

Ofisa akachomoa kimoja, akapekua, akachomoa kingine.

"Basi pole kwa msiba."

"Nimeshauzoea, baba."

Akavirudisha popote palipokuwa na nafasi, akageuka kwenda zake.

Hapo ndipo mkono ulipomsaliti mwenyewe. Kabati lile lilikuwa na sheria: majemadari waliopigana hawakai bega kwa bega. Katikati yao huwekwa kitabu cha mikataba ya amani, wasije wakaanza upya. Na ofisa alikuwa amewabananisha mahasimu wakubwa kuliko wote. Kabla mshona mapazia hajajijua, kidole kilikuwa kimeshapita juu ya majina, kikasimama kwenye mikataba, kikaichomoa na kuichomeka katikati ya wale wawili.

Viatu havikusikika tena.

"Mama," ofisa akasema mlangoni, taratibu, "umejuaje kwamba ni hicho?"

Wifi akatazama dari.

"Kwa rangi, baba," mshona mapazia akajibu. "Macho yangu yanajua rangi tu."

Ofisa akarudi, akaviinamia vile vitabu vitatu. Vyote vilikuwa vyekundu.