Maji ya Aprikoti za Ayimkan

Kosa lilianzia kwenye mkate. Wageni waliotumwa na wakopeshaji walipokuja kijijini, mkoani Batken, mara ya kwanza, kijiji kiliwatandikia kitambaa kikawamegea mkate, na aliyekula mkate wako humwambii hapana usoni. Wakauliza: mko tayari kulipia maji ya mfereji, ili yasipotee bure? Wanaume wakanyoosha mikono kwa adabu tu, kama mtu anavyosifia pilau ya jirani hata ikizidi chumvi. Wageni wakaandika kwamba wananchi wameridhia. Serikali ikapata mkopo wake, lango la mfereji likapata kufuli.

Zamani nyumba yenye msiba ndiyo iliyofunguliwa maji kwanza. Ayimkan alipofariki, mumewe Mamasaly alikwenda kuomba zamu ya maji, akaambiwa alipe kwanza. Alipe na nini, na hospitali ilishamaliza kila kitu? Sasa miti ya aprikoti aliyoipanda marehemu ilikuwa inakauka, nayo ndiyo aliyomwachia kwa maneno ya mwisho: usiitupe miti yangu.

Leo wageni walikuwa wanarudi, na mkuu wa kijiji, Sheraly, aliyemwita Mamasaly "aka", yaani kaka mkubwa, alitaka wakae uani kwake.

"Kwako kuna kivuli, Mamasaly-aka."

"Kilikuwepo. Tazama juu, unaona jani?"

"Usianze, aka. Hawa wakubwa wakiridhika, mkopo wa pili unatoka."

"Kwani ule wa kwanza umekushibisha?"

"Mimi? Hata choo changu hakina mlango!"

"Afadhali mwizi anayeshiba. Wewe unawapigia makofi na njaa yako."

Wageni walipoketi, walikuta kitambaa kitupu. Chai ipo, mkate hakuna. Sheraly uso ulimwiva.

"Mkate uko wapi, aka? Unatuaibisha!"

"Wakishaula, mimi sina tena mdomo." Mamasaly akamgeukia binti mkalimani. "Waambie, mwanangu: siku ile tulikubali kwa sababu walikuwa wamekula kwetu. Leo hawajala. Hatutaki kufuli lao. Maji yafunguliwe, miti ya mke wangu inakufa."

Binti alitafsiri macho chini. Mgeni mwenye mvi alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akasema maneno mengi ya upole.

"Anakushukuru kwa ukweli wako," binti alisema. "Anasema sasa ameona kijiji bado hakijaelewa faida. Watamleta mtaalamu awafundishe."

"Nani atamlipa?"

"Atalipwa kwenye mkopo wa pili, baba."

Sheraly alishusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Gari lao lilipoondoka, Mamasaly alichukua msumeno akaenda kwenye mti ulio karibu na dirisha.

"Nisamehe, Ayimkan," alisema.

Msumeno haukupata taabu. Mti ulikuwa mkavu mpaka kwenye kiini.