Bomba la Tatu

Mabonga alijua kosa liko wapi, na alikuwa amelificha wiki nzima.

Yeye ndiye aliyembebea Daktari Adongo, mtafiti wa matetemeko ya ardhi, mabomba yaliyojazwa tope la chini ya maji kutoka ziwa dogo lililo chini ya ukingo wa Elgeyo hadi maabara ya Eldoret. Kazi ilikuwa rahisi: bomba likitoka majini, kifuniko chekundu juu, cheusi chini, basi. Kwenye bomba la tatu, chekundu cha mwisho kilimponyoka kikazama. Akafunga vyeusi pande zote mbili, akijiambia atakumbuka. Kufika Kaptagat njiani, lori limeshamtikisa mpaka meno, hakukumbuka kitu. Akaandika "JUU" mahali moyo ulipomtuma. Na asubuhi hii daktari alipouliza kama alama ziko sawa, aliapa ziko sawa.

Sasa mabomba yalikuwa mezani, yamepasuliwa kwa urefu. Mabonga alichimba visima Bungoma miaka kumi akidhani anaujua udongo, lakini kumtazama mwanamke huyu akifanya kazi hakuchoka. Pale Mabonga alipoona tope tupu, daktari alisoma kama kitabu. Aliwaeleza wanafunzi kwamba ardhi ikitetemeka, kingo za ziwa huporomoka na maji kuchafuka. Kisha mchanga hutangulia kutua, tope laini likafuata juu yake. Mafuriko nayo huleta mchanga, ila upande ule mto unapoingilia tu. Tetemeko halichagui upande. Mkanda wa mchanga ukikaa kina kilekile katika mabomba yote matatu, yaliyotoka pande tofauti, basi ziwa zima lilitikiswa.

Bomba la kwanza, sentimita arobaini na mbili kutoka juu. La pili, arobaini na mbili. La tatu, tisini na sita.

"Pole, Daktari," alisema Lynette, mwanafunzi wake.

Miaka mitatu ya kulitafuta tetemeko hilo. Daktari alichukua kalamu alifute bomba la tatu daftarini, wala hakulalamika. Hapo Mabonga akashindwa kuvumilia.

"Daktari, ngoja! Hiyo 'JUU' niliandika kwa kubahatisha. Kifuniko kilianguka kwa maji nikaogopa kusema. Kama ni kunifuta kazi, nifute, lakini usiifute hiyo."

"Mzee Mabonga, mimi nimeona tangu asubuhi," daktari akajibu polepole. "Tope laini iko chini ya mchanga. Na huku umeandika 'JUU' ni kugumu, kule kwingine bado kuna maji kama tope ya juu."

"Sasa mbona hukugeuza?"

"Kwa sababu nataka sana igeuke. Wewe uliapa iko sawa. Nikigeuza tu ndio iseme vile napenda, hapo najidanganya."

Mabonga hakuwa amewahi kumheshimu mtu namna ile, na aibu ilimchoma.

Daktari aliligeuza bomba mbele ya wote, Lynette akiandika daftarini ni kwa nini limegeuzwa. Kisha akachukua utepe wa kupimia, akasita, akamnyooshea Mabonga.

"Pima wewe. Hii namba naitaka sana, macho yangu siyaamini."

Mabonga akajifuta mikono kwenye ovaroli, akavuta utepe. Alisoma mara mbili kimoyomoyo, maana alishadanganya mara moja na hakutaka tena.

"Arobaini na mbili, Daktari."

"Rudia."

"Arobaini na mbili."

Daktari Adongo akaketi sakafuni na glavu zake za tope, akalia mbele ya wanafunzi wote.